Waume Hewa

Lifti ya jengo la utafiti iligoma asubuhi, watu wakajazana ukumbini wakinung'unika. Fundi alipochomoza shimoni, ovaroli yake ya bluu imejaa grisi, mbele ya wote alisimama mtafiti wa koti jeupe na hereni nyekundu, kakumbatia kizimba.

"Dada, ngazi zipo."

"Nimebeba panya, kaka. Hawapandi ngazi hawa."

Fundi akacheka, na kucheka kule kukamponza. Mvua zilipoanza, hakuna kati yao aliyeweza kulala bila kusikia sauti ya mwenzake simuni.

Mchana mmoja fundi alimpelekea mtafiti chakula maabarani. Mtafiti alikuwa akichunguza protini ya kwenye korodani, ile inayoisaidia mbegu ya kiume kuota mkia inapokua. Juu ya kizimba cha panya dume walioikosa protini hiyo, watafiti walibandika karatasi kwa utani: WAUME HEWA.

"Ndio nini hii?"

"Hao, mpenzi? Wanawapanda majike vizuri tu. Ila mbegu zao hazina mikia, hazifiki popote. Kazi bure."

Fundi akatabasamu, akaweka chakula mezani, akaondoka. Tangu hapo hakupokea simu za mtafiti. Jioni alikaa chumbani na redio imewashwa, apate tu kusikia sauti ya mtu. Mtafiti naye alikula peke yake, simu kando ya sahani, akijilaumu bila kujua kosa lake.

Mwishowe aliingia kwenye lifti akabonyeza kitufe cha dharura. Simu ya kitufe hicho humwendea fundi wa zamu, na fundi haruhusiwi kuikata.

"Umekwama ghorofa ya ngapi?"

"Sijakwama. Ningefanyaje upokee simu yangu? Nimekukosea nini, mpenzi?"

Fundi akaweka spana chini.

"Ulichosema kuhusu panya wako, daktari alishaniambia mimi. Mke wangu akafunga mizigo, akaondoka. Mume hewa ndiye mimi."

Mtafiti akajishika mdomo. Miaka yote ile kwenye darubini aliona mbegu tu, hakuwahi kumfikiria mwenye nazo.

"Karatasi naibandua leo. Na sikudanganyi, mtoto namtaka, nitalia kwa kumkosa. Lakini siku zote hizi nimekula peke yangu, na niliyekuwa namlilia si mtoto."

Fundi alivuta pumzi.

"Baki hapo. Nakuja kukufungulia."

"Nimekwambia sijakwama. Mlango unafunguka wenyewe."

"Najua. Nakuja hivyo hivyo."