Kompyuta ya Ngendo Inazimika

Nyumbani kwa Ngendo, pale Skuta mjini Nyeri, kitu kipya hakikuvuliwa nailoni. Rimoti ilikaa ndani ya nailoni. Makochi pia. Mumewe Mwai akiketi, kochi lililia kwaru kwaru, naye alishazoea. Ngendo hakutaka vitu vyake vichakae, basi.

Jumamosi hiyo alikuwa na hofu. Alikuwa amepata kazi ya kuchapa akiwa nyumbani, na ilianza Jumatatu. Sharti lilikuwa moja tu: awe na kompyuta yake. Mwai alitaka wanunue iliyotumika. Ngendo akakataa katakata. Aliagiza vipande, akatazama video, akaviunganisha mwenyewe juu ya meza ya chakula.

Kompyuta ikawaka. Ngendo akaanza kuimba. Kabla chai yake haijapoa, ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena. Kazi itapewa mtu mwingine.

"Si nilikwambia," Mwai akasema.

"Usiniambie tena. Niitie Mukami."

Mukami alikuwa jirani yao, fundi wa kompyuta. Alikuja na bisibisi mfukoni.

"Mama Lynn, kwanza chomoa waya kwa ukuta," akamwambia Ngendo. "Usifungue kompyuta ikiwa na stima. Halafu toa hiyo sweta ya sufu, ushike hii chuma ya kasha. Mwili uko na umeme kidogo. Huo tu unaweza kuua kipande."

Ngendo akavua sweta, ingawa baridi ya Julai ilikuwa inauma.

"Nimeiunguza?"

"Bado sijui. Inakaa kidogo halafu inazima?"

"Dakika chache tu."

"Basi inashika joto. Inajizima ndiyo isiungue."

"Lakini feni inazunguka."

"Feni pekee haitoshi. Hii ni prosesa, ndiyo ubongo. Ikifanya kazi inachemka. Hii chuma juu yake inanyonya joto, feni inalitoa. Lazima zishikane vizuri, na krimu ya kupitisha joto iwe katikati."

Mukami akalegeza skrubu, akainua kile chuma. Kisha Mukami akabandua kitu chembamba chini ya chuma, akakionyesha kwenye mwanga. Ilikuwa nailoni.

"Hii hukuiona?"

"Niliiona," Ngendo akasema polepole. "Nikaona niiache, chuma isichakae."

Mwai akatazama kochi, akakohoa.

"Ndiyo imezuia joto," Mukami akasema. Akapangusa krimu ya zamani kwa kitambaa safi chenye spiriti. Kisha akampa Ngendo krimu mpya. "Weka wewe. Kidogo tu, kama punje ya minji. Skrubu nazo ukaze kidogo kidogo, kona kwa kona."

Ngendo akafanya hivyo, jasho likimtoka kwenye baridi ile ile. Wakaiwasha, wakangoja. Chai ikapoa na hakuna aliyeigusa. Kompyuta haikuzimika. Ngendo akafuta machozi kwa kiganja.

Jumatatu jioni alituma kazi yake ya kwanza. Mwai aliporudi nyumbani, akajitupa kwenye kochi kama kawaida. Halikulia. Akasimama, akalitazama, akaketi tena.