Mgeni Aliyetoka Chumba cha Baridi

Siku ya tatu tangu nihamie mji ule, jua likizama, nilitoka kununua ndoo na fagio. Chumba cha kupanga nilitafutiwa na mlinzi mzee wa ghala la nyama nilikoajiriwa. Katika mji mzima, ni yeye peke yake aliyeniita "mwanangu".

Niliporudi, mama mwenye nyumba alikuwa akianua nguo.

"Dada yako nimemfungulia," akasema. "Mpe shuka. Maskini, anatetemeka."

Nikacheka. Kwa mama yangu, kifungua mimba na kitinda mimba ni mimi huyohuyo.

"Dada yangu yupi?"

"Si huyo aliyevaa koti kama lako la kazi?"

Nikasukuma mlango taratibu. Harufu ikanipokea... nyama mbichi na barafu.

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye godoro langu, amenipa mgongo.

"Funga mlango," akanong'ona. "Nimechoka na baridi."

Akageuka. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa barafu. Akaninyooshea mikono.

Vidole kumi. Kucha hakuna.

"Wamekupa kibao namba tisa," akasema.

Kweli. Ghalani kwetu, kila anayeingia chumba cha baridi hutundika kibao chake msumarini, nje ya mlango. Mlinzi hutazama misumari ndipo afunge. Kibao kikiwepo, kuna mtu ndani.

"Kilikuwa changu. Jumamosi moja msimamizi alikitoa, nami nimo ndani. Nilikuwa nimemkataa."

Nilimwamini papo hapo. Siku yangu ya kwanza tu, msimamizi huyohuyo alinishika kiuno, akaniambia kazi ni ya wanaojua kushukuru. Tangu hapo nilikuwa nikilala na hasira na kuamka nayo.

"Kesho ni Jumamosi," akanong'ona. "Ataingia kukagua."

"Dada, mimi nilikuja kutafuta riziki. Sikuja kuua mtu."

"Na mimi nilikuja kutafuta riziki."

Nikapepesa macho. Godoro lilikuwa tupu, limelowa chapachapa.

Kesho yake jioni msimamizi alitundika kibao chake. "Wewe nisubiri hapahapa," akaniambia, akanikonyeza, akaingia akipiga mluzi.

Hapo nikakata shauri. Nikakitoa kibao, nikakitia ndani ya buti langu. Sitasingizia pepo: mkono ulikuwa wangu.

Mlinzi akaja na funguo. Akatazama misumari.

"Wametoka wote, mwanangu?"

"Wote, baba."

Akafunga. Hatukuwa tumepiga hatua kumi...

Ngo. Ngo. Ngo.

"Mitambo hiyo," akasema mzee. Hakugeuka.

Jumatatu walimtoa msimamizi amekauka kama gogo. Kucha zake zote hazikuwepo, na walizitafuta mle ndani wasizione. Shingoni alikuwa na alama za vidole vyembamba, vya mwanamke. Polisi hawakujali alama. Walimtaka mwenye funguo.

Mzee akafungwa pingu. Akanitazama.

"Mwanangu, waambie. Si wewe uliyesema wametoka wote?"

Nilikuwa tayari kukiri. Naapa nilikuwa tayari. Yule baba hakuwa amenikosea lolote, na neno langu moja lingemwokoa. Mara ubaridi ukaniingia shingoni, na ile harufu ikanijia puani.

"Mwache," sauti ikaninong'oneza sikioni. "Hata mimi alinisikia nikigonga."

Askari akaniuliza tena. "Binti, ulimwambia?"

"Sikumwambia kitu," nikajibu.

Nilidhani mzee angenilaani mbele ya watu. Hakubisha. Aliinamisha kichwa, akawafuata askari polepole.

Mpaka leo sijui kama aliinama kwa uchungu wa nilivyomtenda, au alikuwa na lake moyoni. Namuuliza yule mwanamke kila jioni. Hanijibu.