Posa ya Mtani

Basi la Dar lilipoingia stendi ya Kibiti, wauza korosho walilivamia kabla halijasimama. Waride alishuka karibu wa mwisho, abaya nyeusi imekunjamana, mtandio wa zambarau umemteleza begani, vumbi la safari limemkaa kwenye kope. Shahada yake ya uuguzi ilikuwa bado mpya, nayo ilikuwa inaanza na mwaka mzima wa kazi bila mshahara. Wenzake wa chuo walimcheka. Aliwaacha wacheke.

"Begi la buluu ni langu!" alimpigia kelele utingo.

Lakini begi la buluu lilikuwa tayari begani kwa kijana mmoja mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, anatembea nalo kama amelinunua.

"Wee kaka! Hilo begi la watu!"

"Najua. La mke wangu."

"Mkeo nani?"

"Wewe. Nimekusikia unavyomfokea utingo. Hayo maneno ni ya delta hayo. Mndengereko, au nasema uongo?"

"Kwani vipi?"

"Mimi Mnyamwezi. Wa Sikonge."

Waride alitaka kununa, uso ukamgomea. Watu wa Pwani na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara. Mtani atakudhihaki hadharani, atakunyang'anya sahani ya wali mdomoni, atakuita mke mbele ya baba yako, na wewe ukikasirika ndiye uliyekosa adabu. Dawa ya mtani ni moja: kumjibu.

"Mnyamwezi!" akasema, stendi nzima isikie. "Ndiyo maana limekukaa vizuri. Babu zenu walikuwa wapagazi wetu. Haya, tangulia, na usiliburuze."

"Afadhali mpagazi kuliko anayelala juu ya dungu shambani, kitanda cha miti cha kuwindia ndege, kama kanga."

"Afadhali dungu la mpunga kuliko michembe, mla viazi vikavu we!"

Wauza korosho wakapiga miluzi. Kijana akaweka mkono kifuani, akaghani bila hata kufikiri:

"Mtani nimeshafika, stendi nakungojea,
Mgongo unapochoka, mumeo nakupokea."

"Dada," akasema mwendesha bodaboda mmoja, "hapo umeshaolewa. Nikupeleke wapi na mumeo?"

"Nyumba ya Khidma," akajibu Waride.

Kijana akasimama ghafla. Kisha akacheka kicheko kirefu, meno yote nje. "Basi twende pamoja, mke wangu. Na mimi nakaa huko huko. Naitwa Miraji."

Nyumba ya Khidma ilikuwa nyuma ya msikiti, ua mmoja, mabweni mawili, jiko moja. Kila mwaka wahitimu wachache wa Kiislamu walikuja kuishi hapo: wanasali pamoja, wanapika kwa zamu, wanakula sinia moja wanaume kwao na wanawake kwao, na mchana wanatawanyika kutumikia watu. Waride alipewa zahanati. Miraji, aliyesomea uhandisi wa maji, alipewa visima vilivyokufa. Waliowalea ni Ustadh Mfaume na mkewe, Bi Hanifa, na sharti lao la kwanza lilikuwa hili: hakuna mapenzi ya kificho. Mwenye nia na mtu aje kwa walezi, aseme, wapeleke posa.

Ila utani haukukatazwa. Nani akataze utani?

Kwa hiyo Miraji alimwita Waride mke wake asubuhi na jioni. Alimwita hivyo mbele ya imamu, mbele ya muuza samaki, mbele ya foleni ya kina mama wa kliniki. Aliichukua namba ya Shangazi Mwanamkuu, dada wa baba yake Waride kule delta, akawa anampigia: "Shikamoo mkwe! Huyu mwanenu anakula sana, nimrudishe?" Naye shangazi, mtani wa kuzaliwa, alimtukana mpaka salio la simu likaisha.

Waride alicheka na wote. Mpaka ile siku ya Dimani, kijiji chenye zahanati yake.

Mama mmoja alifika zahanati akiwa katika uchungu, damu inamtoka, na tangi halina hata tone. Pampu ilikuwa imekufa, na Miraji alikuwa kisimani anatoa mabomba moja moja. "Maji, Miraji!" Waride alipaza sauti dirishani. "Maji sasa hivi!" Miraji alivua shati, akalala kifudifudi kwenye tope, mkono wote umezama shimoni, akawa anavuta, meno ameyakaza. Maji yalipopanda alibeba ndoo mwenyewe, akazipanga mlangoni akiwa ameugeuza uso pembeni kwa heshima. Mtoto alipolia, Waride akatoka nje kujipangusa jasho, akamkuta amekaa chini, ameufunika uso kwa viganja.

"Vipi mtani? Leo hakuna shairi?"

"Leo sina," alisema taratibu. "Leo nimekusikiliza tu."

Tangu hapo, neno "mke wangu" lilipomfikia Waride lilimchoma mahali penye raha na maumivu. Alilijibu kwa dhihaka kali kuliko zamani, ili watu wasione.

Asubuhi moja alikuwa anaanika nguo uani na Subira, anayelala naye chumba kimoja. Miraji akaja, akasimama upande wa pili wa kamba. Alikuwa amenyoa, amefunga vifungo vyote vya shati.

"Waride, nataka kukuoa."

Waride alingojea mkia wa mzaha. Hakuuona. Moyo ukamruka kama samaki kwenye tenga, lakini katika utani anayeamini kwanza ndiye anayechekwa, naye alikuwa binti wa watu wenye ndimi kali. Akalikung'uta shuka.

"Leta kwanza tembo wawili wa pori la Ngarambe. Mmoja wa baba, mmoja wa shangazi. Na wawe wanajua kuogelea, maana kwetu hakuna barabara."

Subira alicheka mpaka akaviangusha vibanio. Miraji naye akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeuma pilipili mbele ya wageni, akaenda zake. Wiki ile alilala kijijini kwenye visima, na simu zake zikawa za kubahatisha.

Aliyepiga simu ni baba, Mzee Abdillah.

"Mwanangu, kuna watu wamekuja na posa. Seleman, wa Ikwiriri, yule mwenye biashara ya ufuta na mchele. Kijana mtulivu, hana makuu. Sijawapa neno. Nimesema lazima nikuulize, na Ijumaa wanafuata jibu."

"Nifikirie, baba."

"Fikiri. Ila usinipeleke Ijumaa bila neno, aibu itakuwa yangu."

Waride alikaa kitandani na simu mkononi. Kisha akampigia Miraji. Upande wa pili zilisikika nyundo na sauti za watu.

"Miraji, nimeposwa."

"Maskini! Na nani huyo aliyekosa washauri?"

"Seleman wa Ikwiriri. Mfanyabiashara wa ufuta."

"Mpe pole yangu. Mwambie akuchukue upesi, wali wa nyumba unatuishia."

"Miraji, sikiliza..."

"Na akujengee dungu, kitanda hujakizoea!"

Huko kisimani watu wakaangua kicheko. Waride akakata simu. Hakulia kwa kelele. Alijifunika mtandio usoni akalala chali, na Subira alipoingia akauona ukipanda na kushuka.

Jioni ya kesho yake Miraji alirudi na matope yake, akapita jikoni anapiga mluzi. "Mke wa muuza ufuta yuko wapi? Bado hajaondoka?"

"Unacheka nini wewe?" Subira alimgeukia na mwiko mkononi. "Mwenzio kaposwa kweli. Ijumaa anajibiwa mtu."

Waride alikuwa barazani na Bi Hanifa, wanachambua mchele. Alisikia ndoo ikianguka jikoni, kisha nyayo, kisha Miraji yuko mbele yao, ametapakaa tope hadi magotini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukacheka."

"Na mimi nilikuambia! Ukadai tembo!"

Ungo wa Bi Hanifa ukasimama hewani.

"Yale yalikuwa kweli?" Waride aliuliza.

"Nilinyoa, Waride! Umeniona lini nimefunga kifungo cha shingo?"

"Ningejuaje? Tangu stendi mimi ni mkeo. Kwa imamu mkeo, kwa muuza samaki mkeo. Umelitumia neno mpaka limechakaa, Miraji. Hata sasa unavyonisimamia hapa, masikio yangu hayajui yakuamini vipi. Mdomo wako umeyaharibu."

Miraji akaketi chini pale pale, tope na yote.

"Subhanallah," alisema Bi Hanifa. "Wasomi wawili wazima, mmetaka kupotezana kwa kuchekeshana. Miraji, nenda kamwone Ustadh. Mlango wa posa unajulikana."

Ustadh Mfaume alipiga simu delta usiku huo huo baada ya isha, na sauti ya simu ikiwa juu, wote wakasikia Mzee Abdillah akicheka.

"Mtani yule? Si ndiye kila siku anamwita dada yangu mkwe? Ustadh, kakuzuga hata wewe!"

"Mzee, kijana ana nia. Na mimi nathibitisha. Neno lenu kwa wale wa Ikwiriri limeshatoka?"

"Halijatoka. Lingekuwa limetoka nisingekusikiliza." Sauti yake sasa haikuwa na kicheko. "Njooni Alhamisi. Lakini nakwambia, sina binti wa kumtoa kwa masihara. Nikiona mchezo, Ijumaa nawajibu wa Ikwiriri."

Waride alitangulia Jumatano, akapanda boti ya mashine kwenye bandari ya Nyamisati, akafika kwao mikoko ikiwa imejaa maji. Kijiji kizima kilikuwa na habari, hata ile ya tembo: mtani anakuja kuposa! Watu walipanga viti kama kuna ngoma. Shangazi Mwanamkuu, mama wa makamo mwenye kiuno cha taarabu na sauti ya muadhini, alikuwa ametayarisha maneno tangu alfajiri.

"Shangazi, tafadhali usimfanyie," Waride alimsihi.

"Nisimfanyie? Mnyamwezi aingie kwenye nyumba yangu atoke mkavu? Wahenga watanilaani. Wewe kaa ndani."

Basi Waride akakaa chumbani, nyuma ya pazia lililotobolewa na panya tundu la kutosha jicho moja. Akamwona Miraji akiingia nyuma ya Ustadh na Bi Hanifa. Kanzu nyeupe pee, imepigwa pasi mpaka inakata. Kofia ya viua. Akaketi mkekani.

"Karibu mpagazi!" Shangazi alianza, na uani watu wakasogea. "Mzigo umeuacha wapi? Au siku hizi mnabebwa nyie?"

Kicheko. Miraji akainamisha macho.

"Na tembo wangu je? Nilishawachimbia kisima! Au mmewala njiani kwa michembe?"

Kicheko kikubwa zaidi. Waride aliuma ncha ya kanga. Alikuwa na majibu saba ya pale pale, na alijua Miraji ana sabini. Aliuona mshipa wa shingo yake ukicheza. Ulimi wa mtu yule, uliowahi kuinyamazisha stendi ya Kibiti! *Usijibu*, alisema Waride moyoni. *Ya Rabi, asijibu.*

"Ha! Kawa bubu! Abdillah, mwanao anaposwa na bubu!" Shangazi akachota konzi ya unga kwenye bakuli alilolificha, akammwagia kichwani. Unga ukatiririka kwenye kofia, kwenye kope, kwenye ile kanzu. Watani hufanya hivyo, na mtani wa kweli angeruka, angenyakua bakuli, angemfukuza shangazi hadi kisimani na watu wangeanguka kwa kucheka. Wote walingoja aruke.

Miraji hakuruka. Hakujipangusa. Aliweka viganja magotini, macho chini, kama kijana anavyokaa mbele ya mama mkwe wake.

Kicheko kilipungua uani, mmoja mmoja, kikaisha. Shangazi alisimama na bakuli lake akamtazama muda mrefu, na uso ukambadilika. Akapiga magoti, akaifungua kanga ya begani, akaanza kumpangusa unga usoni polepole kama anampangusa mwanawe.

"Kaka," alisema bila kugeuka, na sauti ya muadhini ilikuwa imeshuka, "leo hakuja mtani. Huyu amekuja mkwe."

Mzee Abdillah alijikohoza. "Ustadh, sema mliyojia."

Ustadh akasema, kwa maneno machache yaliyonyooka: wanaomba binti, mwaka wa khidma utamalizwa na wote wawili, na mpaka siku ya nikaha kijana atahamia Dimani, kwa visima vyake.

"Kwangu mimi sina pingamizi," alisema mzee. "Wa Ikwiriri ni watu waungwana, kesho nitawaambia mwenyewe, uso kwa uso, wasisikie kwa watu. Lakini mwenye neno ni mwenyewe. Dada, kamwulize. Akinyamaza, ndiyo ridhaa yake, kama tulivyofundishwa."

Shangazi akalishika pazia. Hakupata nafasi ya kuuliza.

"Nimekubali, baba!" Waride alisema kutoka ndani, kwa sauti iliyowafanya wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu ufukweni wainue vichwa. "Nimekubali kwa mdomo wangu, na asisikie mtu vibaya!"

"Mtoto huyu!" Shangazi alijipiga kifuani. "Kimya kingetosha!"

"Cha leo kakimaliza yeye, shangazi!"

Vigelegele vikalipuka. Vilianzia uani, vikapokelewa nyumba ya pili, vikapita juu ya mkondo hadi ng'ambo, wanawake wa huko wakajibu bila hata kujua kuna nini. Bi Hanifa alikuwa analia waziwazi. Miraji akainua uso wenye michirizi ya unga, akasema "Alhamdulillah".

"Lo! Kumbe linasema!" Shangazi akadakia papo hapo.

Uani watu wakamgeukia Miraji. Tunduni, Waride alimwona akivuta pumzi, macho yanang'aa, jibu zuri ajabu limemjaa mashavuni. Akalimeza. Akainama, akaubusu mkono wa shangazi.

"Shikamoo, mama," alisema.