Kuku wa Kumpokea Babu

Kila Jumamosi Mama alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, kwa sababu alikuwa mwokaji katika duka la mikate na mikate haimsubiri mtu. Baba alibaki akifua na kuanika nguo uani. Binti yao alifagia vyumba viwili na sebule, akapiga deki, kisha akafanya kazi za shule kwenye meza ya kulia chakula. Yote hayo aliyafanya mbiombio, kama mtu anayefukuzwa. Hata akiwa ameketi, goti lake lilikuwa likipanda na kushuka chini ya meza mpaka vikombe vikatetemeka. Ndiyo maana nyumbani na shuleni, wote walimwita Cherehani.

Jumamosi hii goti lilikuwa na sababu ya kutotulia. Jioni hiyo Babu angetoka hospitalini.

Babu alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa tumbo uliomkondesha hadi shati likawa linamning'inia mabegani. Enzi zake alikuwa dereva wa treni, na sauti yake ilikuwa bado ile ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Lakini siku Cherehani alipokwenda kumwona wodini, alimkuta ameugeukia ukuta, kimya. Mjukuu alisimama pale na chungwa lake mkononi. Mwishowe Babu alinong'ona, "Nimechoka na uji, mjukuu wangu. Nikitoka hapa nataka chakula kinachonukia tangu barabarani."

"Nitakupikia mimi," Cherehani alijibu papo hapo.

Mama alisita kidogo aliposikia ahadi hiyo, lakini hakuikataa. Alikuwa amemfundisha binti yake kupika kuku na mboga katika kikaango kimoja, na tayari walikuwa wamepika hivyo pamoja mara kadhaa. Asubuhi hiyo, akifunga kamba za viatu, alirudia maelekezo.

"Mtoe kuku kwenye barafu sasa hivi, umweke kwenye bakuli chini kabisa ya friji, ayeyuke polepole. Moto uwe wa wastani. Ukishamkaanga ukaongeza mboga, funika umwache. Usifunuefunue! Mvuke ndio unaoivisha. Daktari amesema Babu anaweza kula kuku, ila aive hadi mfupani. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Nimeambia sikio au nimeambia ukuta?"

"Sikio, Mama!" Cherehani alicheka, na Mama akatoka.

Kweli alikuwa amesikia. Lakini alipokuwa akielekea kwenye friji aliona fagio, akaanza kufagia. Alipomaliza kufagia akakumbuka hesabu. Na katikati ya hesabu, rafiki yake aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzima, alichungulia dirishani.

"We Cherehani! Leo mwalimu wa michezo anachagua timu ya netiboli. Jioni, uwanjani. Asiyekuwapo amejitoa mwenyewe. Utakuja?"

"Napika leo. Babu anarudi."

"Pika haraka, basi, uje! Kupika kuku kazi gani? Si anakaa tu kwenye moto?"

Tangu hapo akili ya Cherehani ilikuwa na miguu. Nusu yake ilikuwa nyumbani, nusu uwanjani. Baba alipoondoka kwenda kumchukua Babu, ndipo alipokumbuka kuku. Alifungua friji na kumkuta juu, kwenye barafu, vipande vyake vimegandana, mgumu kama jiwe.

"Maskini mimi!" alisema peke yake.

Alimtumbukiza kuku kwenye maji ya uvuguvugu, akawa anambonyezabonyeza kila mara. Vipande vyembamba vililegea upesi. Mapaja yalilegea nje tu. Ndani, karibu na mfupa, yalikuwa bado na ubaridi unaochoma vidole. "Moto utamalizia," alijisemea. Akayapunguza kidogo kwa kisu juu ya ubao wa kukatia, akavipaka vipande vyote chumvi, kitunguu saumu na ndimu, kisha juu ya ubao uleule, kwa kisu kilekile, akakata nyanya na matango ya saladi. Sinki lilikuwa limejaa vyombo, na kuosha ubao kungemchelewesha.

Aliwasha jiko la gesi, akazungusha kitufe hadi mwisho. Mafuta yalichemka mara moja. Kuku aliingia kikaangoni na mlio mkubwa, na ngozi yake ikaanza kugeuka rangi ya dhahabu kabla hata Cherehani hajamaliza kumenya viazi. Akafurahi. Akaongeza vitunguu, karoti, viazi, na pilipili hoho, vyote kwa pamoja, kikaango kikafurika. Akafunika.

Kisha akafunua, kuona kama vimeiva.

Akafunika. Akaenda dirishani. Kutoka uwanjani zilisikika filimbi na kelele za wasichana. Akarudi, akafunua tena. Mvuke ukampiga usoni na kupotelea dirishani. Viazi vilikuwa vigumu. Akaongeza maji kidogo, akafunika, akafunua, akakoroga, akafunika. Goti lilimcheza akiwa wima. Chini ya kikaango vitunguu vikaanza kushika, juu karoti zikabaki mbichi, na yeye akawa anazunguka kati ya jiko na dirisha kama nzi kwenye chupa.

Hata hivyo, harufu ilikuwa nzuri. Viazi vilipolainika mwishowe, aliona kazi imekwisha. Alizima moto. Akafikiri kwamba akiandaa meza upesi, atawahi dakika za mwisho za mazoezi. Akachukua paja kubwa kuliko yote, lile la Babu, akalikata kidogo kwa kisu ili kuhakikisha.

Maji mekundu yakachuruzika kwenye sahani.

 Cherehani alipanua pale alipokata. Nyama ya karibu na mfupa ilikuwa ya waridi, inang'aa, na ukiigusa ilikuwa vuguvugu tu.

Wakati huohuo mlango wa mbele ukafunguliwa. "Nani huyu anayenipikia?" sauti ya Babu ilinguruma. Haikuwa na nguvu zake zote, lakini ilikuwa ni ile yenyewe. "Nimeisikia harufu tangu kule kwa fundi viatu! Nimemwambia baba yako aharakishe, ananishika mkono kama yai!"

Nyuma yao aliingia Mama, ametoka kazini, unga bado uko kwenye nyusi. Alikuwa anatabasamu. Wote walikuwa wanatabasamu. Cherehani alilitazama paja, akatazama mlango wa jikoni. Mkono wake ukafanya jambo kabla kichwa hakijakubali: uliligeuza lile paja, upande uliokatwa ukawa chini, ukalimwagia mchuzi na karoti juu. Likapendeza. Huwezi kujua kitu.

Waliketi. Babu aliwekewa mto mgongoni. Baba hakungoja; alichukua bawa akalitafuna. "Binti yangu," alisema na mdomo umejaa, "hapa umenimaliza."

Babu alishika kipande chake kwa uma, akakiinua, kisha akakumbuka hadithi.

"Pale wodini," alianza, "kitanda cha pili kulikuwa na kijana mmoja seremala. Alikula nyama isiyoiva kwenye sherehe. Alitapika hadi akawa anamwita mamake, na mamake alikwishafariki! Wakamtundikia maji usiku kucha. Kijana mwenye nguvu kama ng'ombe. Mimi nikajiuliza, je, ingekuwa ni mimi na tumbo langu hili la karatasi?"

"Usituogopeshe mezani, Baba," alisema Baba, akicheka.

Cherehani hakucheka. Aliomba kimoyomoyo Babu aendelee kusimulia, asimulie juu ya seremala, juu ya manesi, juu ya treni zote alizowahi kuendesha, asiache kamwe. Goti lake liligonga meza, maji yakayumba kwenye glasi. Angeweza kusema sasa. Lakini Babu alikuwa amefurahi mno! Na Mama alikuwa anamtazama kwa macho ya kujivunia. Labda nusu tu ndiyo mbichi. Labda Babu atakula upande ulioiva.

"Haya," alisema Babu, "maneno hayashibishi." Akafungua kinywa.

"Usile!"

Cherehani alikuwa ameruka juu. Kiti kilianguka nyuma yake, glasi ikapinduka, maji yakatiririka hadi kwenye mapaja ya Baba. Babu alibaki na kinywa wazi na uma hewani.

"We mtoto!" Baba alifoka. "Una nini?"

"Haijaiva." Sauti yake ilitoka ndogo. "Ndani ni mbichi. Niliona. Nikaifunika kwa mchuzi."

Mama alichukua uma wa Babu, akaligeuza lile paja, akaona palipokatwa. Tabasamu lote lilimtoka usoni.

"Uliona kabla hujatupakulia?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi je?" Baba alishtuka, akishika koo. "Mimi nimekwishameza!"

Mama alichunguza mifupa iliyokuwa kwenye sahani ya Baba. "Bawa ni jembamba, limeiva. Hutakufa leo." Kisha akamgeukia binti yake tena, sauti ikiwa chini. "Kuku ulimtoa saa ngapi kwenye barafu?"

"Nilisahau. Mchana ndiyo nilimtoa."

Macho ya Mama yalitua kwenye bakuli la saladi ambalo hakuna aliyeligusa bado. "Na hizi nyanya ulizikatia wapi?"

Hakuna aliyekuwa jikoni kumwona. Cherehani angeweza kusema ameuosha ubao, na kila mtu angeamini. Lakini alisema, "Palepale nilipomkatia kuku. Sikuosha. Wala kisu."

Mama aliinuka na kuimwaga saladi yote kwenye ndoo ya taka. Kisha akakusanya vipande vyote, hata vilivyoonekana vizuri, akavirudisha kikaangoni, akaongeza maji ya moto, na kupunguza moto hadi ukawa mdogo wa buluu. Akafunika. Akaweka kigoda mbele ya jiko.

"Kaa hapo. Usiguse mfuniko mpaka nikuambie."

Kukaa kulikuwa kugumu kuliko kazi zote alizofanya siku ile. Maji yalichemka polepole, yakigongagonga ndani ya kikaango. Mikono ya Cherehani ilikwenda kwenye mfuniko yenyewe, akaikalia. Huko nje alisikia viatu vikikimbia, na Redio akachomoza kichwa dirishani akihema.

"Mwalimu anasoma majina sasa hivi! Njoo hata na aproni!"

Cherehani alitazama uwanjani, akatazama kikaango. "Nenda. Siwezi kutoka."

"Utakosa nafasi!"

"Najua," alisema, na machozi yakamlenga. Redio alikawia kidogo, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akaondoka.

Mlango wa jikoni ukasukumwa taratibu. Babu aliingia akijishikilia ukutani, mkononi ana kipande cha mkate mkavu, akajishusha kwenye kiti kilichokuwa karibu na friji.

"Njaa inaniuma," alisema, "nikaona nije niume mkate karibu na harufu."

"Nisamehe, Babu. Nilitaka ufurahi. Ulipoingia unacheka, nikashindwa kukuambia."

Babu alitafuna mkate wake kwanza. "Nilifurahi, ni kweli. Lakini ukinifurahisha halafu nikarudi hospitalini alfajiri, hiyo furaha tutaiweka wapi?"

Wakakaa hivyo, mzee na mjukuu, wakisikiliza kikaango. Baada ya muda goti lilianza kupanda na kushuka. Babu akaliwekea mkono wake mkavu juu, na likatulia kidogo.

Mama alipoingia, alimpa binti yake kisu kilichooshwa kwa sabuni na maji ya moto. "Choma hapa, penye nyama nene, hadi kwenye mfupa. Unaona maji yanayotoka? Hayana wekundu. Sasa ivute nyama mfupani kidogo. Inatoka yenyewe? Basi, ameiva. Rangi ya nje haikuambii kitu. Na ubao wa kuku mbichi usiguse kitu kinacholiwa bila kupikwa, mpaka uoshwe."

Giza lilikuwa limeingia walipoketi tena. Viazi vilikuwa vimevurugika, karoti zimelainika kupita kiasi, na baadhi ya vitunguu vilikuwa na ladha ya kuungua. Hakukuwa na saladi. Babu alikula polepole, kipande baada ya kipande, hadi mfupa ukabaki mweupe, kisha akaomba mchuzi wa kuchovyea mkate.

"Umenikosha roho," alimwambia Cherehani. Baba akacheka, akapangusa sahani yake kwa vidole.

Baada ya chakula Mama na binti yake walisimama kwenye sinki. Mama aliosha, Cherehani akasuuza.

"Umenikasirikia, Mama?"

"Nilikasirika." Mama alizima bomba. "Sikiliza, mwanangu. Kusahau kuku kwenye barafu, kuongeza moto, kukosa subira, hayo ni makosa ya jikoni. Kila anayepika amewahi kuyafanya, hata mimi nimewahi kuunguza mikate ya duka zima. Kuku mbichi alirudi kikaangoni, akaiva. Lakini ungeendelea kunyamaza, na Babu akameza, tungemrudisha nani kikaangoni? Ukikosea chakula cha watu, sema. Sema mapema, hata kama wote wanacheka, hata kama mgeni yuko mlangoni. Ulichelewa leo, lakini ulisema. Na nilipokuuliza habari za ubao, ulisema kweli. Hapo ndipo nilipojua naweza kukuachia jiko."

"Utaniachia tena?"

"Kesho mchana. Babu ameshaagiza."

Cherehani alichukua ule ubao, akaupaka sabuni, akausugua upande wa kwanza na wa pili, akaumwagia maji ya moto. Akautazama kwenye mwanga wa taa. Kisha akausugua tena.