Kishikwambi Kilichovalishwa Sweta

Nyumbani kwa Erasmus, huko Boko, kila kitu kinavaa. Friji lina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Hata redio ina chake, cheupe, chenye maua ya njano pembeni. Vyote vimefumwa na Mama Tekla, mama mzazi wa Vaileth, mke wa Erasmus. Mama Tekla anaishi Moshi. Kila akija Dar es Salaam kumwona mjukuu wake, Jenipher, anakuja na ndizi, maharage na uzi wa kufumia.

Mwaka huu Erasmus alinunua kishikwambi akakitundika ukutani sebuleni. Kishikwambi ni kama simu kubwa. Hiki kiliunganishwa na taa, pampu ya maji na geti la umeme. Ukigusa picha ya taa, taa zinawaka. Ukigusa picha ya geti, geti linafunguka. Erasmus alikichomeka kwenye chaja, na tangu hapo hakukichomoa.

Mama Tekla alipofika, alikitazama kwa muda mrefu.

"Baba, kitu cha thamani hivi mnakiacha uchi?" alimwuliza mkwe wake. "Na vumbi lote hili?"

Hakusubiri jibu. Alifuma kitambaa kizito, kikafunika kishikwambi mbele na nyuma. Ukitaka kuwasha taa, unafunua kwanza.

Kesho yake Erasmus alikigusa kishikwambi. Kilikuwa cha moto.

"Mama Jenipher, hii kitu inachemka," alimnong'oneza mkewe. "Mwambie mama akitoe kitambaa chake."

"Mie? Mwambie wewe."

"Mie mkwe! Nitaanzaje?"

"Na mie mtoto wake, ndo mbaya zaidi. Umesahau kile cha redio? Nilikifua tu, akadhani nimekitupa. Kwaresima nzima hakupokea simu yangu."

Basi wakanyamaza. Watu wazima wawili, wenye akili zao, wakaendelea kupika betri ukutani kwa ajili ya adabu.

Jumapili Mama Tekla alirudi kutoka misa akagonga geti. Vaileth akafunua kitambaa, akagusa mahali pa picha ya geti. Kioo kilikuwa cheusi. Akagusa tena. Akabonyeza. Akakiomba kwa upole. Wapi!

"Nyie! Mmenifungia nje?" Mama Tekla aliita kutoka barabarani. "Na jua hili?"

"Tunakuja, mama!" alijibu Erasmus, akizunguka sebule bila kujua pa kuanzia.

Jirani yao Farida alichungulia juu ya ukuta. Farida anafundisha umeme katika chuo cha ufundi.

"Baba Jenipher, ufunguo wa mkono wa hilo geti uko wapi? Ule uliokuja na mota?"

Ufunguo ulikuwa ndani ya boksi, na boksi lilikuwa chini ya kitanda. Geti likafunguliwa kwa mkono. Mama Tekla akaingia na mwavuli wake, bila kumsemesha mtu.

Farida naye akaingia kuona tatizo. Erasmus alitaka kukishika kishikwambi.

"Acha kwanza! Zima swichi ya soketi," alisema Farida.

Erasmus akazima. Farida akakitoa taratibu. Mgongo wa kishikwambi ulikuwa umefura kama chapati inayoiva.

"Betri imevimba. Msiibonyeze, msiitoboe, wala msiichaji tena. Inaweza kuwaka moto."

Akakiweka nje kivulini, juu ya sakafu ya saruji, mbali na kitu chochote kinachoungua.

"Mpelekeeni fundi. Msikitupe jalalani."

"Kimepatwa na nini, dada?" aliuliza Vaileth, na jibu alikuwa nalo.

"Joto. Betri ikichajiwa usiku na mchana inapata joto, na joto linataka pa kutokea. Sasa nyie mmeivalisha sweta. Jamani, nani kaleta hili wazo?"

Erasmus akatazama dari. Vaileth akamtazama Erasmus.

"Mie," alisema Mama Tekla.

Farida akashika mdomo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha Mama Tekla akawageukia wanawe. "Mlijua kinapata moto?"

"Tulijua, mama," alisema Vaileth. "Tuliogopa utakasirika."

"Na Jenipher analala wapi?"

"Hapo, nyuma ya ukuta huu."

Mama Tekla akakaa. Machozi yakamlengalenga.

"Kwa hiyo mjukuu wangu aungue, ili mie nisinune? Mie nikinuna, nitachoka, nitapiga simu. Moto hauchoki mpaka umalize nyumba."

Kesho yake Erasmus akakipeleka kishikwambi kwa fundi.

Fundi aliweka betri mpya. Farida akawaonyesha pa kukitundika: kwenye korido, pasipopiga jua, mbali na jiko, kwenye fremu inayoacha nafasi nyuma ili hewa ipite. Chaja sasa inawashwa kwa saa chache tu, kisha inazimwa. Kishikwambi hakivai kitu, na ufunguo wa geti unakaa mahali ambapo kila mtu anapajua. Kila asubuhi Mama Tekla anakigusa kwa kiganja. Ni baridi.

Erasmus alipoona mambo yametulia hivyo, akapata ujasiri.

"Mama, kwa kuwa siku hizi tunaambiana ukweli, vile vitambaa vya kwenye makochi vinaniwasha mgongo."

Mama Tekla hakuinua macho kutoka kwenye ufumaji wake.

"Hivyo havina betri," alisema. "Vumilia."