Mluzi wa Mzee Randa

Mtaa mzima ulimwita Mzee Randa, kwa sababu ya randa ya kulainishia mbao aliyoishika tangu ujana wake. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imepakana na jiko. Mkewe, akiwa jikoni, hakuhitaji kuchungulia ili ajue kama mzee yuko salama. Alisikiliza mluzi tu. Mzee alipenda kupiga mluzi akiwa kazini, wimbo uleule kila siku, na kila siku aliukosea palepale.

"Unawafukuza wateja," mkewe alimwambia dirishani.

"Mteja mzuri ni kiziwi," mzee alijibu. "Nikimtajia bei hashtuki."

Asubuhi moja mluzi ulikatika katikati. Mzee aliteleza kwenye maranda ya mbao, akaangukia ubavu. Nyonga ikavunjika.

Hospitalini alifanyiwa upasuaji. Daktari aliondoa mfupa uliovunjika, akaweka kiungo cha chuma. Kesho yake mwanamke mwenye viatu vya raba alisimama kando ya kitanda. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Mzee, tuinuke," alisema.

Mzee alidhani ni utani. Haukuwa utani. Mwanamke yule alimkalisha, akamsimamisha, akamshikisha fremu ya kutembelea. Kila asubuhi alirudi na neno lake lilelile. Mzee akambandika jina: Dada Inuka.

Siku ya kurudi nyumbani, mwanawe, ambaye naye ni seremala, alikuwa amemtengenezea kitanda kipya. Kilikuwa na kingo ndefu pande zote, kama kitanda cha mtoto mchanga.

"Baba, humu hutoki mpaka upone," alisema.

"Dada Inuka amesema atembee kila siku," mama yake alimkumbusha.

"Mama, viungo ndiyo kazi yetu. Ukikitikisa kiungo kabla gundi haijashika, umeharibu. Utaanza upya."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. "Hilo nilimfundisha mwenyewe," alisema kwa fahari.

Basi mzee akalazwa chali. Chai alinyweshwa amelala. Chakula alilishwa amelala. Akitaka kujigeuza, mwanawe alimzuia taratibu kwa mkono. Fremu ya kutembelea iliegeshwa ukutani, ikawa ya kuanikia taulo. Yote hayo yalifanywa kwa mapenzi.

Lakini sauti ya mzee ilianza kupungua. Alianza sentensi, akaiacha njiani ili avute pumzi. Akapata kikohozi kifupi, dhaifu, kama mtu anayebisha mlango huku anaogopa kuwaamsha wenyeji.

"Piga mluzi basi, mume wangu," mkewe alisema. "Wateja wamezidi."

Mzee alikunja midomo. Ilitoka hewa tupu, kisha kikohozi. Mkewe alicheka kidogo ili asimtie hofu. Halafu akatoka uani, akapiga simu hospitalini, akamwomba Dada Inuka aje. Hakumwuliza mwanawe.

Kabla ya jua kuzama walisikia hodi.

Dada Inuka alisalimia, akanawa mikono, akampima mzee joto la mwili. Alitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Alimsikiliza mgongoni. Kisha akavuta kigoda, akaketi.

"Homa hana," alisema. "Lakini chini ya mapafu hewa haifiki vizuri. Mtu akilala chali muda mrefu, hasa mzee aliyetoka kupasuliwa, anavuta pumzi fupi fupi. Makohozi yanatuama kifuani. Vijidudu vikikuta makohozi yametuama, vinazaliana. Hapo ndipo inapoingia homa ya mapafu, ile wanayoiita nimonia. Ni ugonjwa unaoua."

Mwana wa mzee alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mbao nyusini.

"Na kiungo je?" aliuliza. "Akitembea kitaachia."

"Fundi, nikuulize kitu kimoja. Ukifunga kiungo kwa skrubu, unangoja kikauke?"

"Skrubu haikauki. Ikishaingia, imeingia."

"Baba yako hakutiwa gundi. Daktari aliyempasua ndiye aliyesema anaweza kukanyagia mguu. Kidonda kinahitaji muda, ndiyo. Lakini mapafu hayawezi kungoja."

Kijana aliinama. "Basi mimi ndiye nimemwumiza."

"Sheria yako ni nzuri," Dada Inuka alisema. "Umeipeleka mahali pasipo pake tu."

Mzee alikuwa akitazama dari. Kisha akasema polepole, akipumzika kati ya maneno:

"Mbao mbichi... ukizilaza chini, bila vijiti katikati... hewa haipiti. Zinaota ukungu."

"Unafanyaje, mzee?"

"Naziinua. Nazigeuza." Akanyoosha mkono. "Haya, Dada Inuka. Niinue."

Walimkalisha, mgongo wima. Dada Inuka alimfundisha kuvuta pumzi ndefu kwa pua mpaka mbavu zipanuke, kuishikilia kidogo, kisha kuitoa taratibu kwa midomo iliyokunjwa. Baada ya pumzi chache, alimwambia afungue mdomo na kusukuma hewa kwa nguvu, kama anayetia ukungu kwenye kioo, ndipo akohoe. Safari hii kikohozi kilitoka na makohozi mazito.

"Afanye hivi kila saa akiwa macho," alimwambia mke wa mzee. "Ale na kunywa akiwa ameketi. Kinywa kisafishwe asubuhi na jioni, maana uchafu wa mdomoni hushuka kifuani. Dawa ya maumivu anywe kabla ya kutembea, si baada. Mtu mwenye maumivu hakohoi wala hasimami."

"Na hatari tutaijuaje?"

"Homa. Kupumua haraka. Kifua kuuma. Makohozi ya njano, ya kijani au yenye damu. Na mzee anaweza asipate homa kabisa, akachanganyikiwa tu au akakataa chakula. Mkiona lolote katika hayo, msingoje kupambazuke. Na leo hii daktari amwone."

Jioni hiyo daktari alimpima na kumpiga picha ya kifua. Homa ya mapafu ilikuwa haijaingia. "Ilikuwa imeshafika mlangoni," alisema.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Mzee alitoka kitandani hadi mlangoni akinung'unika njia nzima.

"Mnataka kuniua."

"Ukifa, nani ataukosea wimbo?" mkewe alijibu, akitembea ubavuni mwake.

Mwanawe alizing'oa zile kingo za kitanda. Mbao zake alizitengenezea kiti chenye mikono imara, kirefu kuliko vya kawaida, ili baba akiketi magoti yasipande juu ya nyonga. Alipima mguu wa baba yake mara kadhaa kabla ya kukata. Kisha akafagia maranda yote karakanani, na tangu hapo anayafagia kila anapomaliza kazi.

Kutoka mlangoni mzee alifika uani. Kutoka uani alifika karakanani. Dada Inuka alipokuja tena, alimsikiliza mgongoni, akatabasamu. Hewa ilikuwa inafika hadi chini.

Asubuhi moja mkewe alikuwa jikoni anachochea sufuria. Ng'ambo ya ukuta randa ilikuwa inakwenda polepole. Mzee alikuwa anafanya kazi ameketi kwenye kile kiti. Mara mluzi ukaanza. Ulikuwa mwembamba, ukatulia kidogo, ukavuta pumzi ndefu, ukaendelea. Mkewe aliacha kuchochea. Alisubiri mpaka wimbo ukafika palepale, na mzee akaukosea.

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasogea dirishani.

"Unawafukuza wateja," alisema.