Nafasi ya Feruzi

Watu wa hapa Irving, Texas, wanasema dada yangu Flaviana ndiye aliyetuletea balaa. Waache waseme. Yeye alikosea mara moja, tena kwa huruma. Aliyekosea kwa makusudi ni mimi, Theodora, na leo naeleza yote kwa sababu nimechoka kuitikia pole za watu.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Oktoba, siku ya kawaida kabisa. Flaviana anafanya kazi kwenye ofisi inayopiga picha nyaraka kuukuu za makampuni na kuzihifadhi kwenye kompyuta. Wiki ile yaliletwa maboksi kutoka Houston, ya kampuni ya meli za mizigo iliyokufa zamani. Humo mlikuwa na daftari la meli zao za kwanza za mvuke, tano, kila moja na hatima yake. Clementia, ilipasuka mwambani. Ottoline, iliungua bandarini pamoja na pamba yake. Harriet Dow, boila, lile tangi la mvuke, lililipuka na kuua watu thelathini. Saint Brannoc, iliuzwa kama chuma chakavu. Ya tano ni Perpetua, iliyoondoka Zanzibar mwaka 1887 na shehena ya karafuu. Hatima yake, haijulikani. Hakuna aliyeiona ikizama wala ikiungua. Haikufika tu.

Kilichomgusa Flaviana ni karatasi ya wachochea moto wa Perpetua, wale wanaume waliokaa chini kabisa ya meli wakitupia makaa ya mawe tanurini. Walikuwa kumi na wanane, watu wa pwani ya kwetu. Mbele ya kila jina paliandikwa jina la ndugu. Wawili tu, Mabruki na Feruzi, waliandikiwa kwamba walikufa tanurini safari ya kabla ya ile, na kwamba hawana ndugu.

Alinipigia simu akilia. Mimi niliendelea kula, maana Flaviana hulia hata kwenye harusi za watu asiowajua. Alisema haiwezekani mtu aungue tumboni mwa meli, miaka zaidi ya mia ipite, na asipatikane hata mmoja wa kumtaja. Nikamwambia kazi yake ni kupiga picha, si kufiwa.

Sasa, sisi Wakatoliki mwezi wa Novemba ni wa marehemu. Kila ukoo huandika majina ya wafu wake kwenye karatasi, karatasi zinawekwa kikapuni mbele ya altare, na katika misa yetu ya Kiswahili yanasomwa kila Jumapili mpaka mwezi uishe. Msomaji ni mimi. Nina sauti, na Mhaya haoni aibu kusimama mbele za watu. Flaviana ndiye aliyeandika karatasi ya ukoo wetu. Babu, bibi, baba, mama. Chini yao akaongeza Mabruki na Feruzi. Nilimtania kwamba hata dini yao haijui, huenda walikuwa Waislamu safi na sasa anawasumbua na maji ya baraka. Akacheka. Akasema sala haimdhuru mtu, na kwamba sasa na wao wana ndugu.

Jumapili ya kwanza nikayasoma yote, kwa sauti yangu nzuri.

Kaka yetu mkubwa, Wilfred, alikuwepo misani siku hiyo. Alikuwa ametoka Fort Worth asubuhi, amenyoa ndevu zote, na nilimtania kwamba kidevu kinang'aa kuliko viatu vyake. Baada ya misa tulipita dukani Euless kununua ndizi. Wilfred akabaki ndani ya gari aongee na simu. Mimi na Flaviana hatukukaa dukani zaidi ya dakika ishirini.

Tuliporudi ilikuwa saa saba mchana na kijua cha kawaida. Vioo vya gari vilikuwa vyeupe. Nilidhani ameanza tena sigara. Nikafungua mlango huku nikimsema.

Mvuke ulinipiga usoni. Nilisikia ngozi ya viganja vyangu ikivutika pale nilipokuwa nimeshika mlango, na Flaviana akapiga kelele nyuma yangu. Wilfred alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Uso ulikuwa umeiva. Ngozi ya shingo ilikuwa imeachana na nyama na kukunjamana juu ya kola ya shati la kanisani. Mikono ilikuwa imepasuka kwenye viganja, na ndani ya mipasuko mlikuwa na sugu, sugu nene za kale, mikononi mwa mtu aliyekuwa anaendesha lori. Ndevu zilimfika kifuani. Zilikuwa na mvi.

Alikuwa bado hai. Nilimshika bega, na kipande cha bega kikabaki mkononi mwangu.

"Waambie nimechoka," alininong'oneza. "Miaka yote hii, Theo. Nimechoka."

Akafa hapo hapo, mlango ukiwa wazi na ndizi zetu zimetawanyika chini.

Polisi walilikagua gari lile wakakuta viti havikuungua hata uzi. Waliokuja na gari la wagonjwa waliniuliza mara tatu kama kweli alikuwa humo dakika ishirini tu. Kuhusu ndevu hawakuuliza, kwa sababu hawakumjua. Sisi tuliomjua tulinyamaza.

Jumanne Flaviana alirudi kazini, hakuwa na ruhusa ya kukaa. Kwenye boksi lililofuata akakuta mkataba wa wachochea moto wale wale, uliowekwa alama na serahangi wao, yaani mkuu wa mabaharia. Akaja nao kwangu umekunjwa ndani ya mkoba. Sharti la nne lilikuwa fupi. Mchochea moto akifa, nafasi yake ni ya ndugu yake mwanamume. Asipokuwa na ndugu, nafasi ikae wazi.

Nilisoma mara mbili. Nafasi mbili zilikuwa wazi tangu mwaka ule, na Perpetua haikufika popote kwa kuwa bado inakwenda. Sisi tukasimama kanisani tukatangaza kwamba Mabruki na Feruzi ni wa kwetu. Nafasi ya Mabruki ilishachukuliwa. Kwa upande wa wanaume, ukoo wetu ulikuwa umebaki na mdogo wetu mmoja, Edson.

Flaviana alipiga magoti sebuleni kwangu. Hakuniomba nimwokoe Edson kwanza. Aliniomba Edson asijue kamwe kwamba dada yake ndiye aliyemuua Wilfred. Nilikubali. Sikumwona mtu wa kumlaumu, nilimwona dada yangu yuko chini kwenye zulia. Jioni ile tuliyakata majina yale mawili kwa kalamu, tukayapitisha mistari mpaka karatasi ikatoboka.

Haikusaidia. Alhamisi mchana Edson alinipigia simu akiwa kwenye nyumba yake ya kupanga hapa Irving. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Dada, kuna mtu anapiga hodi kila saa sita mchana. Leo siku ya tatu. Nikimuuliza nani, anasema anamtaka ndugu yake Feruzi. Nika-check kwenye camera, hakuna mtu, kuna maji tu mlangoni. Feruzi ni nani?"

Nikamwambia simjui na asifungue. Usiku ule sikulala, nilifikiri. Kama kufuta hakufai, basi nafasi ikishapata ndugu haikubali tena kubaki wazi. Ilimtaka mtu. Haikusema lazima awe wa kwetu.

Jumamosi ni zamu yangu ya kufanya usafi kanisani. Nilikuwa peke yangu. Nilimwaga karatasi za kikapuni juu ya benchi, nikazisoma moja moja, na nitasema ukweli hapa kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika. Sikuwa nimepagawa. Nilikuwa nachagua. Familia nyingi zilikuwa zimejaza karatasi mpaka chini. Moja ilikuwa na majina mawili tu na nafasi kubwa nyeupe. Ilikuwa ya Kamau Wanjohi, kijana wa Kikenya anayefanya kazi za kompyuta nyumbani, mlango wake ukitazamana na wa Edson. Alikuwa ameandika baba yake na mama yake. Chini yao nikaandika Feruzi, nikiuiga mwandiko wake.

Kesho yake nikasoma. Nilipofika kwenye ukoo wa Wanjohi sauti yangu haikutetemeka. Kamau aliinua kichwa, akanitazama, akamtazama mke wake Kezia. Baada ya misa alinifuata nje.

"Theo, huyo Feruzi ni nani sasa? Kwetu hakuna mtu kama huyo. Uta-check, tafadhali?"

Nikasema karatasi zimechanganyika, nitarekebisha. Alinishukuru. Nilikuwa na siku tatu za kurekebisha na sikurekebisha. Siku hizo tatu hakuna aliyempigia Edson hodi.

Jumatano, saa sita mchana, Kamau aliingia kwenye kabati la nguo chumbani kuchukua sweta. Kezia alikuwa jikoni. Alisikia mlango wa kabati ukijifunga. Kisha koleo. Koleo likikwangua chuma, likichota, likimwaga. Alidhani ni majirani. Kisha Kamau akaanza kulia ndani ya ukuta, sauti ikiwa mbali, mbali kuliko ukubwa wa nyumba ile. Kezia alivuta kitasa kikamuunguza. Akakimbia kumwita Edson.

Edson aliupiga mlango kwa bega mara nne. Ya tano ukavunjika. Mvuke ulitoka mpaka kwenye dari. Alimshika Kamau kwapani kumtoa na mikono ikateleza, kwa sababu ngozi ilitoka yote kama shati. Akamshika tena kwenye mifupa. Akamlaza kwenye zulia. Macho yalikuwa meupe, yamechemka. Mguu mmoja ulikuwa umekatika zamani na kupona, chini ya goti. Asubuhi alikuwa ametembea nao kwenda kutupa taka. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Kamau alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

"Eddy," alisema. "Umekawia sana."

Alikuwa kabatini dakika kumi.

Nilikuja, nikamfunga Edson bandeji mikononi. Alilia kifuani kwangu na mimi nikamshika, na nitasema na hili: nilifurahi. Nilikuwa nahesabu vidole vyake, vyote kumi, nikafurahi. Kezia alikuwa amekaa sakafuni karibu yetu na nilishindwa kumgusa.

Mwili wa Kamau haukusafirishwa, ulizikwa hapa hapa. Jumapili ya mwisho ya Novemba kanisa lilijaa, hata Wakongo wa Fort Worth walikuja, na Kezia alikaa benchi la mbele katikati ya mama wawili waliomshika. Nilichukua kikapu kama kawaida, nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye karatasi ya ukoo wetu nikaona mstari mpya. Mwandiko wa Edson, mbaya kwa sababu ya bandeji. Chini ya Wilfred, ambaye kila Jumapili nilikuwa namruka kwa kuogopa sharti lile, alikuwa ameandika: Kamau, ndugu yangu.

Nilisimama na karatasi ile mbele ya watu wote.

Kamau alikuwa amekufa akiwa mchochea moto. Nafasi ilikuwa wazi tena, na jina lile likisomwa, ndugu wa kuichukua angekuwa Edson. Nilijua sharti la nne kwa moyo. Ningeweza kuacha kusoma, nikashuka, nikamshika Edson mkono nikamtoa nje na kumweleza. Lakini ningelazimika kumweleza yote, na Kezia alikuwa hatua nne kutoka kwangu, akinitazama. Nikaliruka jina. Nikaenda kwenye karatasi nyingine.

Edson akasimama. Alidhani nimepitiwa. Hakunikasirikia, alinitazama kwa upole tu, akalisema mwenyewe kwa sauti kubwa. "Kamau, ndugu yangu." Na kanisa zima likaitikia kumwombea raha ya milele. Kezia alimgeukia akamshukuru kwa kichwa.

Jumatatu saa sita kasoro dakika chache nilikuwa naongea naye kwenye simu. Nilikuwa nimeamua. Kweli nilikuwa nimeamua, ingawa sitegemei aniamini mtu. Nilimwambia Edson nina jambo la kumwambia na akae chini. Akasema nisubiri, kuna mtu mlangoni.

Nikamwambia asifungue.

"Ni Kamau," alisema, taratibu sana. "Dada, nasikia ni sauti ya Kamau. Anasema kumekucha, zamu imefika."

Nikaanza kusema. Nikasema mimi ndiye niliyeandika, Edson, mimi, jina lile niliandika mimi kwa mkono wangu. Nilisema yote, mpaka magoti ya Flaviana. Simu ilikuwa imewekwa mezani. Nilisikia komeo likifunguka.

Nilifika baada ya robo saa. Mlango ulikuwa wazi na ndani hakuna mtu. Simu bado ilikuwa mezani, kioo kimelowa kwa mvuke. Kwenye korido kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, nyeusi kwa vumbi la makaa. Za mtu mmoja zikija, alama ya mguu mmoja na ya ncha ya gongo. Za watu wawili zikiondoka. Nilizifuata mpaka chini kwenye maegesho, zikapita kati ya magari, na kwenye lami iliyo wazi zikakoma.

Polisi wamemwandika kama mtu aliyepotea. Flaviana amepiga picha karatasi za maboksi yote akitafuta sharti la kumtoa mtu, hajalipata. Kila saa sita naenda kukaa kwenye ngazi za nyumba ile na taulo na maji baridi, nikiangalia milango yote, maana hao wengine walirudishwa kufia kwetu na huyu naye naamini atarudishwa.

Wilfred alizeeka kwa dakika ishirini. Edson leo ana siku kumi na moja huko.